Mawe Niliyoyaandika Kuwa Dola

Watoto wangu, ninyi mnaotaka kutunza vitabu vya pesa za makanisa na vyama, nisikilizeni vizuri, lakini msiniamini haraka. Mimi ndiye mtu aliyemuuza mbuzi mmoja mara mbili, na mara zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno, miaka kabla hatujafungua kitabu cha ujenzi. Mama mmoja kutoka Kapolowe alimleta mbuzi mpaka mbele ya madhabahu. Nikaandika: mbuzi, dola hamsini. Baada ya ibada mbuzi akapigwa mnada pale uani, akaenda kwa dola arobaini. Nikaandika tena: mauzo ya mbuzi, dola arobaini. Jumla tisini! Nikapiga mstari mwekundu kwa rula chini ya tisini, mstari umenyooka kabisa. Hakuna aliyeona kosa, na mimi wa mwisho kuliona. Siku hiyo niliambiwa nina mwandiko mzuri.

Mtanisamehe na Kiswahili changu. Nikishika kalamu kinanitoka kile cha Biblia, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini watu wangu nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Likasi, maana nikiwanyoosha maneno hawatakuwa wao tena.

Kazi nilijifunza mtaa wa Panda, katika ghala la kampuni ya shaba. Mkuu wetu wa ghala alikuwa mtu mfupi, mkali, na sheria yake ilikuwa moja tu. "Kintu kikiingia mulango, andika," alituambia kila asubuhi. "Bei usiulize. Bei iko ku bon." Bon ndiyo ile karatasi inayokuja na mzigo. Ikisema misumari ni ya bei fulani, basi ni ya bei hiyo, hata kama imeota kutu yote. Niliishi na sheria hiyo miaka mingi na haikunisumbua, kwa sababu misumari ya kampuni haikuwa ya kuuzwa. Kampuni ilipoanza kusahau mishahara yetu, kila mtu alitafuta njia yake, na Pasta wetu akaniita nishike kitabu cha kanisa. Mshahara wa mwezi wa kwanza ulikuwa jogoo. Nilimwandika kwenye safu ya matumizi kabla sijamla.

Lo, nilivyojiona! Nilivaa tai hata siku za joto. Mfukoni nilikuwa na kalamu tatu: ya bluu, nyekundu, na moja isiyoandika, hiyo ilikuwa ya heshima tu. Watu waliniita "Monsieur Comptable", yaani Bwana Mhasibu, na mke wangu naye akaanza kuniita hivyo kila nilipoulizia bukari, ugali wetu. "Monsieur Comptable, unga imeisha. Andika."

Sasa, kabla sijafika kwenye aibu yenyewe, shikeni mambo mawili matatu ya kazi, maana nitawachekesha nikasahau. Sadaka ihesabiwe na watu wawili, hapohapo kanisani, kabla mtu hajaitwa kula. Faranga zikae safu yake na dola safu yake, na juu ya ukurasa uandike dola ilikuwa faranga ngapi siku hiyo, kwa sababu Jumatano itakuwa nyingine. Sadaka ya simu usiiandike kwa sababu mtu ameinua simu juu akapiga kelele "nimetuma!" Iandike ukiona ujumbe umeingia. Na kiongozi akichukua pesa, aeleze alizichukua za nini. Pasta wetu alikuwa ananiletea vikaratasi vya kila namna, mafuta ya pikipiki, soli za viatu, safari ya Lubumbashi, na vyote aliviandika maneno mawili tu: kazi ya Mungu. Mwaka mmoja nilipojumlisha, Mungu alikuwa amevaa soli nne.

Halafu kuna dola zilizopasuka. Hapa kwetu mnajua, dola ikiwa na mpasuko hata wa ukucha, hakuna anayeipokea, hata muuza chumvi anakurudishia. Basi dola za namna hiyo zilikuwa zinakwenda wapi? Kwa Mungu! Mtu alikuwa anaikunja vizuri, anaisindikiza kwa wimbo mpaka kapuni, anarudi kwenye kiti akiwa mwepesi. Na mimi niliziandika kamili, kumi ni kumi, ishirini ni ishirini. Bon imesema ishirini, mimi ni nani?

Pesa zenyewe hazikukaa kwangu. Mimi nilishika kitabu, na sanduku lilishikwa na Mama Mujinga. Alikuwa mjane anayeuza samaki wa kukaushwa sokoni, samaki wa kutoka kule Mwadingusha. Shule aliiacha mapema, lakini sijaona mtu anayehesabu kichwani kama yeye. Ufunguo wa sanduku aliufunga kwenye ncha ya kitenge chake. Mimi nilimdharau kidogo, niseme ukweli. Nilimwona ni mkono unaopokea tu, akili ni mimi.

Miaka hiyo tulikuwa tunajenga. Kuta zilikuwa zimesimama, bati bado. Tuliabudu chini ya hema la plastiki, na mvua ikija mahubiri yanahamia kwa jirani. Kila mtu alitaka bati. Ndipo Kabwe akatokea na mawe yake.

Kabwe alikuwa mchimbaji, mmoja wa vijana wanaojichimbia wenyewe shaba milimani. Jumapili moja aliingia na mkokoteni mpaka mbele, magunia matatu ya mawe ya kijani kama majani ya sombe, ndilo fungu lake la kumi. Kanisa lilisimama. Pasta akamwuliza kwenye mikro: "Kabwe, hii ni ya dola ngapi?"

"Mia tatu, Pasta. Kwa imani!"

Haleluya zilipigwa, kinanda kikaanza, wamama wakacheza kuyazunguka yale mawe. Na mimi pale mezani, na tai yangu, nikaandika: mapokezi, dola mia tatu. Kitu kilikuwa kimeingia mlangoni. Bei ilikuwa imetangazwa. Kwangu ile mikro ya Pasta ndiyo ilikuwa bon.

Kabwe alirudi mara tano zaidi, kila mara magunia matatu, kila mara mia tatu kwa imani. Sikumlaumu wakati huo na simlaumu leo, kijana aliamini anachosema. Baadaye alikwenda kuchimba Kolwezi na hatukumwona tena. Mawe yalikuwa yanauzwa na Mama Mujinga kwa wanunuzi wa depo, zile nyumba za kununulia mawe ya shaba, na alichopewa alikitia sandukuni. Sikumwuliza hata siku moja alipewa ngapi. Ningemwuliza kwa nini? Mimi ndiye comptable.

Mvua zilipokaribia, wazee wa kanisa waliitisha hesabu ili tukanunue bati. Tulikutana nyuma ya kanisa, kwenye kivuli cha ukuta. Pasta alikuwepo, wazee wanne walikuwepo, na Mzee Mutombo, mkubwa wao, alikosa kiti akaketi juu ya magunia yaliyokuwa pale. Nilisimama. Nilikohoa. Nikasoma kurasa tatu, na mwisho nikasema, polepole, ili kila mtu afurahi: "Tuko na dola elfu nne na mia mbili."

Wakapiga makofi. Wakamwomba Mama Mujinga afungue sanduku. Wakahesabu mara ya kwanza, mara ya pili. Dola tisini zilizopasuka walizitenga pembeni, Mzee Mutombo akasema, "Hizi si pesa." Zilizobaki zilikuwa elfu mbili na mia sita.

Hakuna aliyeniangalia mimi. Wote walimwangalia yeye.

"Mama," Pasta alisema, "elfu moja na mia sita iko wapi?"

"Byote byenye nilipata biko mu sanduku, Pasta. Miye sijue hesabu ya Papa."

"Kitabu hakiwezi kusema bongo, hakidanganyi," nikasema. Watoto wangu, ni mimi niliyesema. Nilikigonga na kidole.

Basi likatajwa lile friji kubwa alilokuwa amelinunua kwa ajili ya samaki wabichi. Mzee Mutombo akasema, "Mujane, friji, makuta ya kuinunua ilitoka wapi?" Yeye akajibu kwamba alicheza likelemba na wenzake wa sokoni, wanachangishana na kupokezana, na zamu ilikuwa yake. Hawakutaka kusikia. Walimwomba ufunguo. Alichukua muda mrefu kufungua ile ncha ya kitenge, na mimi nilimtazama nikasema moyoni, unaona, mwenye kosa anakawia. Mimi na ujinga wangu tulikuwa tumekaa kiti kimoja.

Likasi mnaijua. Kabla ya Jumapili soko lote lilikuwa na habari. Mama wa Mwadingusha aliyekuwa anampa samaki kwa deni akataka pesa mkononi kwanza. Wateja waliokuwa wanamwita dada wakapita mbele ya meza yake wakiangalia simu zao. Kwaya, kiti chake kikabaki wazi. Mke wangu aliniuliza, "Weye uko hakika?" Nikamjibu kwamba hesabu si mambo ya kuhisi. Akaninyamazia siku mbili, na mke wangu si mtu wa kunyamaza.

Siku ya tatu Mama Mujinga aliingia lupango yetu, uani kwetu, mchana, watu wanaona. Hakusalimia. Alitoa kaye, ile ya watoto wa shule yenye meza ya kuzidisha nyuma, akaiweka juu ya mapaja yangu.

"Soma, Papa. Weye unajua kusoma."

Nilitabasamu. Nilifikiri, leo nitamshika vizuri. Nikavaa miwani, nikaagiza kitabu changu kikubwa kiletwe, nikaviweka kimoja kando ya kingine. Kaye yake iliandikwa na biki iliyokauka, herufi zinapanda na kushuka. Jumapili ya kwanza ya Kabwe, kwangu: dola mia tatu. Kwake: mawe ya Kabwe, depo walitoa sabini. Ya pili, kwangu mia tatu. Kwake hamsini na tano. Halafu sitini. Halafu arobaini na tano. Halafu sitini. Mara tano, jumla mia mbili na tisini, kila moja na tarehe na jina la depo.

"Haha!" nikasema. "Kabwe alileta mara sita. Kwako iko paka tano, tano tu. Ya sita iko wapi?"

Aliniangalia. Sauti haikupanda hata kidogo.

"Ya sita Muzee Mutombo alikuwa ameikalia, ile siku mulikuwa munaniita mwizi."

Mke wangu, aliyekuwa anachambua maharage pale mlangoni, aliacha kuchambua.

Lakini mtu mwenye kalamu tatu hafi haraka. Nilisema nitahakikisha mwenyewe. Kesho yake nilikodi mkokoteni, nikapakia yale magunia matatu ya nyuma ya kanisa, nikavaa tai, nikausindikiza mzigo mpaka depo. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia Mama nikirudi na mia tatu zangu. Mnunuzi alimwaga mawe chini, akayaelekezea kimashine cha kupimia shaba, akatikisa kichwa. Akachukua jiwe moja akalivunja, ndani lilikuwa udongo mtupu.

"Papa, ya kijani ni juu paka. Nitakupatia makumi tano."

"Makumi tano? Kitabu kinasema mia tatu!"

"Basi enda uiuzishe kwa kitabu."

Watu wa depo walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilipokea dola hamsini, na mojawapo, nilipofika nyumbani, niliona ilikuwa na mpasuko.

Nilikaa uani nikapiga hesabu upya. Mawe mara sita, elfu moja na mia nane. Toa mia mbili na tisini alizoleta Mama. Ongeza dola tisini zilizopasuka, ambazo wazee walizikataa sandukuni kwake na kuzikubali kitabuni kwangu. Elfu moja na mia sita. Haikupungua hata senti. Nimefanya hesabu nyingi maishani, hiyo ndiyo pekee iliyokubali mara ya kwanza, na nilitamani ikatae. Niliona haya, watoto wangu, haya ya kweli, ile inayokufanya usitake mke wako aje kukuuliza kama utakula.

Nilikwenda kwa Pasta. Si mtu mbaya Pasta wetu, alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba kanisa haliwezi kusikia kuwa kitabu chake kilikuwa cha mawe. Watu wataacha kutoa, na mvua inakuja. "Tufanye hivi," alisema. "Rekebisha kitabu polepole. Jumapili nitatangaza kwamba Mama Mujinga amesamehewa, arudi kwaya. Byote bitaisha."

Na nitawaambia ukweli, nilipumua. Nilitoka pale nimefurahi. Nilifika mpaka kona ya soko nikiwa mtu aliyeokoka. Nikaona nimweleze Mama habari njema mwenyewe. Nikamkuta mezani, samaki wamepangwa vizuri na hakuna mteja. Nikamwambia: Jumapili utasamehewa.

"Nitasamehewa nini, Papa?"

Akaendelea kufukuza nzi na kipande cha karatasi, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyapangusa.

"Watoto yangu bataishi hapa Likasi," alisema. "Batakuwa watoto ya mwizi mwenye walisamehe."

Jumapili ile niliomba mikro kabla ya matangazo. Pasta alinitazama, nadhani alijua, akanipa. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri, na neno la Kifaransa katikati. Nilipofungua mdomo, umeme ukakatika. Mwadingusha na bwawa lake la umeme iko pale, nguzo zinapita juu ya vichwa vyetu, na umeme unakatika! Basi aibu yangu ikabidi niipige kelele, maana walioketi nyuma walikuwa wanasema, "Tusikie! Sema kwa nguvu!" Mtu akitubu kwa mikro anaweza kunong'ona. Mimi nilitubu kama muuza mkate.

Nilisema Mama Mujinga hakuchukua hata faranga. Nilisema mwizi hayupo, kuna mjinga, na ni mimi. Nikafungua kitabu juu ya meza ya sadaka, nikaisoma mistari yote, mmoja mmoja. "Mawe ya Kabwe, niliandika mia tatu. Ilileta sabini!" Nikakata na kalamu nyekundu. "Mawe ya Kabwe, niliandika mia tatu. Ilileta hamsini na tano!" Nikakata. Ilipofika mara ya nne watu walianza kucheka, na ya sita nilipotaja kiti cha Mzee Mutombo, hema lote lilianguka kwa kicheko, na mzee mwenyewe akajificha nyuma ya Biblia. Nilizitaja na dola zilizopasuka. Hapo hawakucheka sana, kila mtu alijua ya kwake.

Pasta alishuka, akautoa ufunguo mfukoni mwake, akampelekea Mama Mujinga, aliyekuwa amesimama nje ya hema. Hakuupokea mara moja. Aliomba kwanza sanduku lihesabiwe mbele ya wote. Likahesabiwa. Ndipo akaufunga kwenye kitenge. Bati tulinunua za nusu ya kwanza ya kanisa, nusu ya pili ilisubiri mwaka mwingine, na wale wa nusu ya pili waliendelea kulowa wakinitazama.

Nilishika kitabu miaka mingi baada ya hapo, na vyama viwili vya wajane kule Kapolowe juu yake. Wakiniletea kitu, mawe, mahindi, kuku, naandika kitu chenyewe, mahindi gunia moja, kuku mmoja, na safu ya pesa naiacha wazi mpaka pesa ziingie mkononi mwa mtu. Ninyi mna kompyuta, safu zenu zinajijumlisha zenyewe. Vizuri. Zangu pia zilijumlishika vizuri sana.

Mama Mujinga bado anauza samaki. Wateja wamerudi, na zamani mimi na yeye tulikuwa tunapeana chenji bila kutazama, huku tunasema habari za watoto. Sasa nikinunua, anazishika noti za faranga juu, mama wote wa meza za jirani wanaona, na anazihesabu kwa sauti moja baada ya nyingine. "Papa, ona vizuri. Mia tano. Elfu moja. Elfu moja na mia tano." Anafanya hivyo kwa kila mteja, hata kwa binti yake mwenyewe. Kabla ya siku ile hakuwa hivyo. Nimemwambia mara nyingi, mama, acha, ninakuamini. Haachi. Basi nasimama pale na samaki wangu mkononi mpaka amalize kuhesabu.